Siku mishahara ilipogoma: mwaka wangu wa kuhamia ziro trasti

Nilifunga akaunti moja tu, Alhamisi jioni, akaunti ya jamaa aliyeacha kazi miezi saba nyuma. Niliikuta iko hai, nikajiuliza huyu anafanya nini humu, nikabonyeza, nikaenda kulala. Ijumaa saa tatu asubuhi simu ya kwanza ikatoka uhasibu: "Kaka, faili la mishahara halijaja." Saa tatu na nusu ya pili, saa nne bosi mwenyewe. Kumbe yule jamaa enzi zake aliandika kaskripti kadogo kanakokusanya masaa ya watu usiku na kutengeneza faili la kupeleka benki, na hako kaskripti kalikuwa kanaingia kwenye mfumo kwa jina lake na paswedi yake, kila mwisho wa mwezi, kimya kimya, miezi saba tangu mwenyewe aondoke. Mtu hayupo, paswedi yake imeandikwa wazi wazi ndani ya faili kwenye seva, na mishahara ya watu karibu 90 inaitegemea.

Naanza na hiyo kwa sababu watu wakisikia nimehamisha kampuni kwenda ziro trasti, yaani usalama ambao hakuna anayeaminiwa kwa kuwa tu yuko ndani ya mtandao, kila anapofungua kitu anathibitishwa, wanategemea stori za mitambo, na kiukweli sehemu kubwa ya mwaka ule sikugusa mtambo wowote, nilikuwa natafuta nani anafika wapi, na kwa nini, na nani alimruhusu.

Turudi nyuma kidogo. Tulianza watu 14 kwenye chumba kimoja. Usalama wetu ulikuwa mlango na waifai, ukishaunganishwa na waifai ya ofisi we ni wetu, seva inakufungulia, printa inakufungulia, mafaili ya kila idara yako peupe. Na ilitosha, maana ukigeuza shingo unamwona kila aliyeko kwenye mtandao. Afu watu wakaongezeka, wengi wakaanza kufanyia kazi nyumbani, tukafanya kile ambacho karibu kila kampuni ilifanya, tukawapa VPN, programu ya kuunganisha laptopu na mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Sa VPN ya kwetu ilikuwa hivi: unaingiza jina na paswedi, basi, laptopu yako iliyoko mezani kwako inahesabika kama ipo ofisini. Yaani tulichukua ukuta wa ofisi tukaunyoosha mpaka sebuleni kwa kila mtu, na yeyote aliyemo sebuleni humo tukamkaribisha ndani bila kumjua.

Ubaya wake niliuona usiku mmoja nikiwa naangalia logi za seva, zile kumbukumbu za nani kaingia wapi na saa ngapi, kwa sababu nyingine kabisa, diski ilikuwa imejaa. Nikaona laptopu ya dada mmoja wa uhasibu inabisha hodi kwenye kila seva tuliyonayo, moja baada ya nyingine, anwani zinapanda kwa mpangilio, 11, 12, 13, 14, saa tisa usiku. Mhasibu gani anaitafuta seva ya watengeneza programu saa tisa usiku? Asubuhi nikampigia, akaniambia laptopu aliiacha inawaka na mwanae alikuwa ameomba acheze gemu, lile gemu la kulipia ambalo kuna watu wanaliweka mtandaoni bure. Bure yenyewe ndo hiyo. VPN ilikuwa bado imeunganishwa, kwa hiyo kirusi kikakuta njia iko wazi mpaka chumba cha ndani.

Tukaikata ile laptopu, tukaifuta, tukabadilisha paswedi za watu wote. Bosi akauliza kama kuna kilichoibiwa. Logi zetu zilikuwa zinajifuta kila baada ya siku 7, kwa hiyo nilichoweza kumjibu ni kwamba kwa siku 7 zilizopita sioni kitu. Alinitazama bila kusema neno, na mi nikawa naangalia chini.

Ndo nikaanza kusoma. Jina lenyewe lilivuma kupitia John Kindervag mwaka 2010 akiwa mchambuzi wa kampuni ya utafiti ya Forrester, hoja yake ikiwa mitandao ya makampuni imejengwa kama pipi, nje ngumu ndani laini, ukishapasua ganda tu umemaliza. Google nao baada ya kuvamiwa mwaka 2009 walijenga utaratibu wao, BeyondCorp, wakaanza kuuandikia mwaka 2014: mfanyakazi awe ofisini awe hotelini, mtandao aliopo haumpi upendeleo wowote, kinachoangaliwa ni yeye ni nani na mashine yake iko katika hali gani. Halafu Agosti 2020 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikatoa waraka namba 800-207, huo niliuprinti nikauchora mistari mpaka ukachakaa. Ukiuondolea maneno mazito unasema kitu rahisi tu, kwamba kila ombi la kufungua kitu lihukumiwe peke yake, na mtu apewe kile anachohitaji kwa kazi ile, si zaidi.

Bosi lakini hakushawishika na waraka. Alishawishika na Colonial Pipeline. Mei 2021 bomba kubwa la mafuta mashariki mwa Marekani lilizimwa siku kadhaa kwa ajili ya wadukuzi, na waliingilia kwenye akaunti ya VPN ambayo hata haikuwa inatumika tena ila hakuna aliyekumbuka kuizima, inataka paswedi peke yake, hakuna hatua ya pili ya kuthibitisha kwamba ni wewe kweli. Kampuni ikalipa bitcoin 75, wakati ule ni kama dola milioni 4.4. Nilimsimulia bosi yote hayo, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Na sisi za namna hiyo tunazo ngapi?"

Nikasema sijui bosi.

"Basi anzia hapo."

Wiki tatu nilihesabu. Watu 88, akaunti 131. Kati yake 23 ni za watu walioshaondoka, na ukiondoa za watu waliopo, zilizobaki ni mchanganyiko, za majaribio, za skripti, na zile za ukoo ambazo watu wanne wanatumia jina moja na paswedi moja ambayo kila mtu anaijua mpaka waliohama idara. Ndo nikaanza kufunga kwa fujo, na ndo hiyo Ijumaa ya mishahara ikanikuta. Tangu hapo sifungi akaunti kabla sijaangalia mara ya mwisho imeingia lini na kutoka mashine gani, kwa sababu akaunti ya mtu inayoingia saa nane na dakika mbili kamili usiku kila siku hiyo si ya mtu, ni programu imevaa nguo za mtu. Na nafunga Jumanne asubuhi, nazima tu sifuti, nakaa nasubiri atakayepiga kelele. Kaskripti ka mishahara sasa kana akaunti yake kenyewe, kanasoma masaa na kuandika faili, hakana ruhusa ya kitu kingine chochote hata kufungua imeili.

Ile habari ilivyoanza kusambaa kwamba tunaenda ziro trasti wauzaji walitujazia simu, kila mmoja ana boksi lake, ukilinunua tu tayari. Tulikuwa karibu tununue moja. Tulipokaa na mkataba wa huduma ya imeili tuliyokuwa tunalipia siku zote tukakuta nusu ya tunavyouziwa tunavyo, havijawashwa tu.

Kosa langu kubwa la kwanza halikuwa la kiufundi hata. Niliandika imeili kwa wafanyakazi wote, kichwa cha habari: "Kuanzia sasa hatumwamini mtu yeyote." Nilidhani ni kitu cha kuchekesha, si unajua sisi watu wa kompyuta. Mzee mmoja wa stoo akanipigia simu ya video, hakupandisha sauti.

"Kijana wangu, mimi nina miaka tisa hapa. Funguo za stoo nakaa nazo mimi. Leo nasoma kwamba siaminiki?"

"Hapana mzee wangu, sio wewe."

"Umeandika mtu yeyote. Mimi ni mtu."

Sikuwa na jibu zuri saa ile. Nikamwomba radhi, kesho yake nikampigia tena nikamweleza kwamba nisichokiamini ni paswedi, kwa sababu paswedi haina sura, anayo mzee au kaiokota mwizi, seva inaona herufi zile zile. Na siuamini mtandao, na siiamini laptopu mpaka nijue haijachezewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo ni kama mtu kuja na funguo zangu za stoo, mlinzi bado amtazame usoni." Nikamwambia mzee umemaliza. Hiyo sentensi ndo nilitumia kwenye imeili ya pili, kwa ruhusa yake, na ilifanya kazi kuliko slaidi zangu zote 30.

Kitu kingine kilichonipa urafiki na watu ni kufuta ile sheria ya kubadilisha paswedi kila siku 60. NIST hao hao tangu 2017 wanashauri usilazimishe kubadilisha kwa kalenda, badilisha pale kuna dalili imevuja. Kwetu kila mtu alikuwa anaongeza namba mwishoni tu, 1, 2, 3, kuna mmoja alishafika 17. Kwa hiyo nikawaambia, naondoa hicho, nawaomba mnikubalie hatua ya pili. Wakakubali bila maneno mengi.

Hatua ya pili sasa, hapa nilijifunza kwa jasho. Tulianza na namba za kutumwa kwa meseji, tukaziacha mapema kwa sababu mtu akifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake, namba zinakwenda kwake. Tukahamia programu ya kwenye simu inayoleta kisanduku kila paswedi yako inapotumika kuingia, Kubali au Kataa. Rahisi, watu wakaipenda. Mwezi wa tatu wa mradi, saa tano na nusu usiku, kijana mmoja wa mauzo simu yake ikaanza kulia. Kisanduku. Akakataa. Kingine. Akakataa. Alinionyesha baadaye orodha yake, vilikuwa 19 ndani ya dakika 25, na cha 19 amekikubali. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia ukweli mtupu: "Kaka nilikuwa nataka kulala, nikajua ni mfumo wenu unasumbua."

Na sikuweza kumlaumu, maana mfumo wetu kweli ulikuwa unasumbua kipindi kile, ulishamwita mara kadhaa bila sababu. Tumemzoesha wenyewe. Hii mbinu si ngeni, Septemba 2022 Uber waliingiliwa hivyo hivyo, kwa maelezo yao wenyewe mkandarasi wao aliletewa maombi mfululizo mpaka akakubali moja. Wenzetu wakubwa, na bado.

Lakini ona kilichotuokoa. Mdukuzi alikuwa na paswedi sahihi, na hatua ya pili sahihi, imekubaliwa na mwenye simu. Kwa mfumo wa zamani wa VPN huyo yuko ndani anatembea. Wiki mbili kabla tulikuwa tumewasha sharti la tatu kwa idara ya mauzo, kwamba mashine inayoingia lazima iwe imeandikishwa kwetu. Mashine yake haikuwemo. Kwenye logi kuna mstari mmoja tu, paswedi sawa, uthibitisho sawa, kifaa hakitambuliki, amekataliwa. Niliupiga picha ule mstari. Na wiki mbili si nyingi, ningechelewa kidogo tu hapa ningekuwa naandika habari nyingine.

Kesho yake tukabadilisha kile kisanduku, sasa kompyuta inaonyesha namba mbili na lazima uziandike kwenye simu, huwezi kukubali ukiwa na usingizi maana hujui uandike nini. Na kwa uhasibu na wenye ruhusa kubwa tukanunua funguo zile ndogo za kuchomeka kwenye USB. Watu wananiuliza zinazidi nini, jibu ni kwamba ufunguo unaandikishwa kwa anwani ya tovuti halisi. Ukipelekwa kwenye ukurasa feki, nembo ile ile, rangi ile ile, herufi moja tu kwenye anwani imebadilishwa, wewe unaweza kudanganyika ila ufunguo hauangalii nembo, hauoni anwani yake, unakaa kimya. Google walishasema mwaka 2018 kwamba tangu wawape wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 funguo mapema 2017 hawakuwa na akaunti hata moja ya kazi iliyothibitika kutekwa. Ila nunua mbili kwa kila mtu. Sisi tulinunua moja moja kubana matumizi, wiki ya kwanza mmoja kaufua na suruali, na hapo ikabidi tuamue anayesema kapoteza ufunguo tunamjuaje ni yeye, kwa sababu mtu anaweza kukupigia simu analia kumbe ndo mwizi mwenyewe. Sasa hivi ni lazima video na meneja wake awepo kwenye simu, haijalishi wewe ni nani.

Sa nije kwenye Jumatatu niliyojifungia nje. Nilikuwa nimeandika sharti la vifaa kwa kampuni nzima, nikalijaribu kwenye laptopu yangu, likakubali, nikaliwasha Jumapili usiku. Jumatatu saa mbili asubuhi hakuna mtu anayeingia. Hakuna. Sababu ilikuwa ya kijinga, nilitaka kila mashine iwe na angalau toleo la mfumo endeshi ambalo limetoka wiki hiyo hiyo, mi nimeshaisasisha yangu mchana wake, wengine bado. Nikasema sio shida, nalizima. Ukurasa wa usimamizi ukanitoa nje katikati ya kazi, ukaniambia thibitisha upya, nikathibitisha, ukanikatalia nisijue kwa nini. Tulikuwa na akaunti ya dharura, najivunia niliikumbuka, nikaweka paswedi, ikaniomba namba kutoka kwenye programu ya simu, na hiyo programu niliiweka kwenye simu yangu ya zamani niliyoshaifuta na kuigawa.

Watu 88 wamekaa. Kundi la meseji linawaka moto. Tuliokolewa na mwenzangu mmoja ambaye kivinjari chake kilikuwa kimebaki wazi tangu Ijumaa, kikao chake hakijaisha muda, yaani mfumo bado unamhesabu kwamba ameingia, nikamwambia usiguse chochote, usirifreshi, sogeza mausi taratibu, bonyeza pale, sasa pale, zima. Saa nne na dakika kumi. Na jamani, kejeli yenyewe ni kwamba kikao kinachokaa wazi siku tatu ni mojawapo ya vitu nilivyotakiwa kuvifuta wiki iliyofuata.

Kumbe mfumo ule una hali ya kuripoti tu, unawasha sharti halimzuii mtu ila linakuandikia nani angezuiwa. Ningeiacha hivyo siku mbili ningeona majina 80 na kitu. Siku hizi hakuna sharti linalowashwa bila kukaa kwenye ripoti wiki mbili. Akaunti za dharura ziko mbili, kila moja na ufunguo wake wa kuchomeka kwenye bahasha iliyofungwa, sehemu mbili tofauti, ikitumika hata moja simu tatu zinalia, na kila miezi mitatu tunaifungua bahasha tunajaribu kweli.

Kuhusu simu binafsi za watu nitapita haraka, kosa langu lilikuwa kutoandika. Watu waliuliza je mtaona picha zetu, meseji zetu, mnatufuatilia tulipo, nikawa namjibu mmoja mmoja kwa mdomo na kila mmoja akasikia kivyake. Ukurasa mmoja tu unaosema tunaona toleo la mfumo, kama simu ina nywila, kama imefunguliwa kinyume na mtengenezaji, na hatuoni picha, meseji wala historia ya kivinjari, ungemaliza ubishi wa mwezi mzima. Niliuandika mwezi wa sita. Ambaye hakutaka hata hivyo tulimwachia, asisome imeili ya kazi kwenye simu, atumie laptopu.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni misamaha. Mkurugenzi mmoja alikuwa anasafiri, laptopu yake ikagoma kuandikishwa, akanipigia akiwa uwanja wa ndege, "naomba uniondolee hayo mambo wiki mbili nikirudi tutakaa". Utamwambia nini. Nikamweka kwenye kundi la waliosamehewa. Miezi mitano baadaye napitia lile kundi namkuta bado yumo, na si peke yake, wapo 11, nusu yao siwakumbuki hata niliwaweka lini. Na angalia ni akina nani: wakurugenzi, mkuu wa fedha, wale wenye haraka, yaani wale wale ambao mwizi angewataka kwanza. Tulikuwa tumefunga madirisha yote ya nyumba tukaacha wazi lile la chumba chenye kabati la hela. Mkurugenzi mwenyewe nilipomwambia alishangaa, alijua aliondolewa zamani. Tangu hapo msamaha una tarehe ya kufa, siku 14, mfumo unakutoa wenyewe, ukitaka tena unaomba tena na jina lako linasomwa kwenye kikao cha mameneja. Maombi yalipungua yenyewe, hakuna anayependa kusomwa.

VPN tulidhani tutaizima kwa sherehe. Tulihamisha programu moja moja, kila moja mtu anaifikia kupitia lango linalomhoji yeye na mashine yake, bila kuona seva ya jirani. Imeili, mafaili, mfumo wa mauzo, uhasibu, hivyo vyote viliisha kwenye mwezi wa tisa. Ikabaki programu ya stoo. Ni ya zamani, aliyeitengeneza hayupo kwenye biashara tena, haijui hatua ya pili ni nini, inaongea na seva yake moja kwa moja tu. Kwa hiyo VPN bado inapumua, watu sita, na nimeikata miguu, inafika kwenye seva ile moja basi, mlango mmoja, saa za kazi. Kwenye orodha ya misamaha iko mstari wa kwanza, na tarehe yake ni mwisho wa robo hii ya mwaka. Nimeshaisogeza mara mbili, na mara zote mbili aliyesomwa jina kwenye kikao ni mimi.